Mstari Mmoja

Dakika kumi na tano.
Tone la damu, matone mawili ya dawa,
kisha tunakaa, mimi na Mihayo Lusangija,
tunakitazama kiplastiki cheupe
kama watu wanaongoja ugali wa kuni mbichi.

Hii ni mara ya tatu.

Mara ya kwanza alipitia dukani kwa Sizya,
akapewa dawa mseto na ushauri wa bure.
Homa ikaondoka siku ya nne. Akasifu.
Siku ya kumi na moja ikarudi,
hodi ile ile, saa ile ile ya jioni,
kama karani wa ushirika aliyesahau kalamu.

Mara ya pili nilikuwa mimi.
Nilichanganya maji ya damu yake na tone la bluu,
nikakitikisa kioo, chenga zikaganda kidogo
(kidogo, nasema, kama maziwa yanayofikiria),
nikaandika taifodi, moja kwa mia na sitini.
Nusu ya Ipole ina taifodi kwenye daftari langu.
Ukiwapanga, foleni itakata barabara ya Rungwa.
Homa ikaondoka tena, kwa hiari yake,
sisi tukajipongeza.

Leo mstari umetoka.
Mmoja. Ule wa juu,
unaosema tu kwamba kipimo ni kizima.
Kipimo ni kizima; Mihayo anatetemeka.

"Kwa hiyo sina kitu?"

Hapo kalamu huniwia nzito.
Masika yaliyopita nilimwandikia Kashindye,
miaka mitatu, mstari mmoja: hana kitu.
Mama yake akamfunga mgongoni, akaniambia asante.
Asante ile ninayo bado,
imo kwenye droo pamoja na vibanio.

Kiplastiki hiki kimefundishwa swali moja.
Muulize mtoto kama kaiba sukari,
atakujibu sukari.
Ya chumvi hukumuuliza.

"Unalala wapi siku hizi?"
"Kwenye bani. Tumbaku inakauka,
moto hautaki kuachwa peke yake."
"Chini?"
"Chini, kwenye mkeka. Asubuhi nakuta alama.
Viroboto, nadhani."

Papasi hana haraka.
Hutoka kwenye ufa wa udongo taa ikizimwa,
hunywa, hurudi kabla hujageuka ubavu.
Hakuachii hata mwasho wa kumtukania.

Nikatandaza damu kwenye kioo, nikaipaka rangi.
Jua lilikuwa limeegemea paa la stoo;
nikageuza kijioo cha hadubini kulifuata.
Dakika kumi na tano zikapita, na wenzake.
Uwanja wa kwanza, mtupu.
Wa ishirini, mtupu.
Nje mtu anauliza kama mhudumu amelala.
Wa thelathini na saba:

uzi.

Uzi wa zambarau uliojisokota,
kama unywele wa mtoto ulionaswa na kitana,
umelala katikati ya chembe
kana kwamba kodi umeshalipa.

Nikamwita aje aone.
Alifumba jicho lisilohusika kwa kidole.
"Huyu ndiye anayenitoa jasho?
Kamba ya kiatu?"
Akacheka, meno yakigongana.

Nikampa vidonge, nikamtandikia godoro.
Leo halali nyumbani: wadudu hawa
hupiga mateke wanapokufa,
na mateke yao ni homa kubwa kuliko zote.
Saa nne usiku alitetemeka hadi kitanda kikasogea.
Saa tisa aliomba uji.

Asubuhi daftari lilikuwa wazi palepale.
Wande Kasanda, miaka sita, joto thelathini na tisa,
mstari mmoja. Rangi imeisha chupani,
itakuja na gari la Sikonge, likija.
Nikaanza ha-,
nikakata,
nikaandika: sijaona.

Mganga mfawidhi atasema neno hilo halimo kwenye fomu.
Nikamsomea mama kama nilivyoandika.
Hakuniambia asante.
Alimpakata mtoto upya, akaniuliza,
"Utaangalia tena lini?"